Fundi wa panki, Mwalimu wa pop, na kipimo kinachowasumbua wote wawili

Dodoma haikosi ubishi. Wa Simba na Yanga upo, wa viwanja upo, na Bunge likianza vikao vyake kila kijiwe kinapata spika wake. Huu ninaotaka kuuchambua ni mdogo, na wafuasi wake hawajazi hata bajaji: kati ya albamu mpya za panki, ule muziki wa magitaa ya kasi na kelele, na za pop, ule unaolengwa kupendwa na wengi, zipi zinastahili muda wa mtu na bando lake? Wabishi ni rafiki zangu wawili. Mmoja ni fundi simu mwenye kibanda upande wa Sabasaba. Mwingine anafundisha hisabati sekondari, na jioni hupita pale akisubiri daladala zipungue watu. Wanaitana Fundi na Mwalimu, na heshima hiyo haishuki hata pale mmoja anapomwambia mwenzake kuwa masikio yake yanahitaji kufunguliwa na kuchomelewa upya.

Fundi aliijua panki utotoni, kwenye kibanda cha PlayStation kule Majengo. Mchezo wa Tony Hawk wa mwaka 1999 ulikuja na nyimbo za Goldfinger na Dead Kennedys ndani yake, na mtoto ambaye hajawahi kugusa ubao wenye magurudumu akazikariri zote bila kujua zinalalamikia nini. Mwalimu hana hadithi ya namna hiyo. Alipenda pop kwa sababu ndiyo iliyokuwa redioni, na haoni kwa nini aombe radhi.

“Panki mimi naijua ya kinyozi,” Mwalimu humwanza.

“Bora ya kinyozi. Wimbo wako mmoja una waandishi saba, Mwalimu. Huo ni wimbo au kamati ya harusi?”

Wanachekesha, lakini ndani ya vicheko kuna hoja, nami nataka kuzipima hizo hoja. Niseme mapema nilipo: panki inashindwa karibu kila shtaka inalolifungua dhidi ya pop, na inashinda moja tu. Ila hilo moja ni zito.

Shtaka la kwanza la Fundi ni urefu. Anaanzia mbali, kwa Ramones wa New York. Albamu yao ya kwanza, ya mwaka 1976, ina nyimbo 14 ndani ya dakika 29, na kuirekodi kuligharimu dola 6,400 hivi. Kisha anaiweka kando ya Taylor Swift, ambaye Aprili 2024 alitoa albamu ya nyimbo 16 usiku wa manane, na baada ya saa mbili akaongeza nyingine 15. Jumla 31, zaidi ya saa mbili za kusikiliza. Kwa Fundi hapa ladha inakuja nyuma, mbele zipo MB. Muziki ukipigwa mtandaoni kwa ubora wa kawaida wa kilobiti 160 kwa sekunde hula karibu MB 1.2 kila dakika. Ramones wanakula MB 35. Swift anakaribia 150. Anayenunua bando la siku anaiona hesabu hiyo kabla hajafika kwenye mashairi.

Na urefu huo haukuja kwa bahati mbaya. Wakati albamu ile inatoka, chati za Billboard za Marekani zilihesabu usikilizaji 1,250 wa watu wanaolipia huduma za muziki mtandaoni kuwa sawa na albamu moja iliyouzwa, na 3,750 wa wasiolipia. Spotify, mojawapo ya huduma hizo, huhesabu wimbo kuwa umesikilizwa ukifika sekunde 30. Shabiki anayeiwasha albamu ya nyimbo 31 na kwenda kupika amempa msanii hesabu 31. Wa Ramones angepewa 14. Fundi anasema hiyo si sanaa, ni kupanga foleni na ndugu zako wote ili mgao ukija mchukue ndoo nyingi.

Mwalimu hakumjibu siku hiyo. Siku ya pili alikuja na karatasi.

Olivia Rodrigo, Septemba 2023: nyimbo 12, dakika 39. Sabrina Carpenter, Agosti 2024: nyimbo 12, dakika 36. Billie Eilish, Mei 2024: nyimbo 10. Wote ni pop, wote wametoka juzi, na hakuna aliyefika saa moja. Upande wa pili wa karatasi, panki: Green Day, Januari 2024, nyimbo 15 na dakika 46. Blink-182, Oktoba 2023, nyimbo 17. Chini kabisa, kwa wino mwekundu kama anavyosahihisha madaftari, The Clash: mwaka 1979 nyimbo 19 kwa zaidi ya saa moja, na mwaka 1980 santuri tatu kwa mpigo zenye nyimbo 36.

“Kwa kipimo chako, Fundi, The Clash ndiyo pop iliyopindukia.”

“The Clash waliuza santuri mbili kwa bei ya moja, Mwalimu. Zile tatu wakakubali kukatwa mrabaha ili bei isipande. Andika na hilo.”

Jibu hilo ni la kweli, na kwangu ndilo lililogeuza ubishi wote. Urefu wenyewe haudhuru mtu. Swali ni nani anaulipia. The Clash waliurefusha muziki wakaubeba mzigo wenyewe. Mfumo wa kuhesabu usikilizaji unaurefusha muziki na kumbebesha msikilizaji. Kwa hiyo shtaka la Fundi kama alivyoliandika limeanguka, ila amelikaribia shtaka lingine ambalo hakuliandika.

Tena tazama kilichofuata. Oktoba 2025 Swift alirudi na albamu fupi kabisa, nyimbo 12, dakika 41 tu. Fundi angepaswa kushangilia. Lakini albamu hiyohiyo iliuzwa kwa matoleo zaidi ya 30, majalada tofauti, rangi tofauti za santuri, na wiki ya kwanza Marekani ikapita milioni 4, rekodi mpya. Ufupi haukutibu chochote, hesabu zilihamia tu kwenye majalada. Fundi alifurahi sana kuligundua hilo, nami nadhani alifurahi mapema. Waliopanga foleni kununua majalada hayo hawakuwa Dodoma. Aliyekuwa Dodoma alipata dakika 41 kwa MB 50, bei ileile ambayo angeilipa kwa bendi yoyote ya panki. Safari hii kwa msikilizaji wa hapa, mfalme wa biashara ya pop amekuwa rahisi kuliko Green Day.

Shtaka la pili ni la usafi, na hapa Mwalimu ndiye mshitaki. Anasema panki imeajiriwa siku nyingi, ila bado inavaa nguo za mgomo. Ushahidi wake ni matoleo ambayo Fundi mwenyewe anayasifia. Amyl and the Sniffers wa Australia, albamu ya Oktoba 2024: imerekodiwa Studio 606 ya Los Angeles, studio ya bendi ya roki ya Foo Fighters, watu ambao hawakosi kodi ya nyumba. Turnstile wa Baltimore, albamu ya Juni 2025: imetoka Roadrunner, lebo, yaani kampuni ya rekodi, iliyo chini ya kampuni kubwa ya Warner. Fundi anajitetea kuwa Turnstile, kabla albamu haijatoka, walipiga tamasha la bure bustanini kwao na kuchangisha fedha za kuwatibu wasio na makazi. Mwalimu anajibu kuwa hata wanasiasa huchangisha.

Mimi hapa nawakatalia wote wawili. Usafi wanaougombania haujawahi kuwepo. Sex Pistols, ambao Fundi anawataja kwa sauti ya mtu anayetaja mababu, walisainiwa na lebo kubwa ya EMI mwaka 1976, wakatimuliwa, wakasainiwa na A&M wakatimuliwa ndani ya wiki moja, wakaishia Virgin. The Clash walisaini na CBS mwanzoni mwa 1977 kwa pauni 100,000. Green Day walipohamia lebo kubwa kabla ya albamu yao ya 1994, ukumbi wa 924 Gilman kule Berkeley, uliowalea, ukawafungia mlango. Panki ina miaka karibu 50 ya kulaumiana nani kauza nafsi, na katika miaka hiyo yote lebo kubwa hazijakosa panki ya kuuza. Kumpima msanii kwa jina la kampuni lililo nyuma ya jalada ni kipimo cha mtu mwenye kipato cha uhakika.

Kuna wakati Fundi hukimbilia kufungiwa. BBC walikataa kuupiga wimbo wa Sex Pistols kuhusu Malkia mwaka 1977, na bado ukafika namba mbili kwenye chati za Uingereza. Basi, anasema, muziki unaoogopwa na wakubwa ndio wenye kitu. Sikai sana hapa maana hoja inajikwaa nyumbani. Novemba 2018 BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, iliufungia wimbo wa Rayvanny na Diamond Platnumz, nyota wa pop wa nchi hii kama kuna mtu anastahili jina hilo, na sababu zilikuwa za matusi, si za siasa. Mwaka uliotangulia Nay wa Mitego alikamatwa kwa wimbo uliowasema wakubwa, na muda mfupi baadaye waziri mhusika, Harrison Mwakyembe, akatangaza kuwa Rais Magufuli ameagiza aachiwe na wimbo upigwe. Sasa huo uliofungiwa ni panki na huo uliopigwa kwa idhini ya Ikulu ni pop? Kufungiwa kunatueleza habari za anayefungia.

Sasa nije kwenye shtaka ambalo panki inashinda.

Mwishoni mwa 1976 vijana wa Manchester wanaoitwa Buzzcocks walikopa kama pauni 500 kwa marafiki na jamaa, wakarekodi nyimbo nne, na Januari 1977 wakatoa nakala 1,000 kwa lebo yao wenyewe. Hawakungoja lebo ya London iwapigie simu. Enzi hizohizo jarida dogo la mashabiki lilichora mikao mitatu ya vidole kwenye gitaa na kuwaambia wasomaji kwamba hiyo inatosha, waanzishe bendi. Ukisikiliza rekodi nyingi za wakati ule leo, utakuta za kawaida tu, nyingine mbovu. Kilichodumu ni ile ruhusa: mtu asiye na fedha, asiye na mwalimu wa muziki, asiye na mjomba redioni, anaweza kuanza Jumatatu. The Linda Lindas, wasichana wanne wa Los Angeles ambao albamu yao ya pili ilitoka Oktoba 2024, walijulikana duniani mwaka 2021 kwa video waliyorekodiwa wakipiga muziki maktabani, na mpiga ngoma wao alikuwa na miaka 10. Hao ndio warithi wa Buzzcocks, hata kama baadaye waliwafungulia jukwaa Green Day kwenye viwanja vikubwa.

Ukiishika ruhusa hiyo kama kipimo, ukaja nayo Tanzania, haikupeleki kwenye gitaa. Inakupeleka kwenye singeli.

Singeli ilizaliwa uswahilini Dar es Salaam, kwenye vigodoro, zile ngoma za mtaani za usiku kucha, vya Manzese, Tandale na Mburahati, MC akiimba juu ya vipande vya taarabu vilivyoongezwa kasi mpaka mapigo yanapita 200 kwa dakika. Nyingine hukaribia 300, na hapo Ramones wanaonekana wazee wa kwaya. Kompyuta ya mtumba, programu ya DJ na maikrofoni moja vilitosha. Kabla yake kulikuwa na mchiriku uliopigwa kwa vinanda vidogo vya Casio na spika za honi, na Jagwa Music waliuvusha hadi Ubelgiji, lebo ya Crammed Discs ikatoa albamu yao mwaka 2012. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa mkusanyiko wa Sisso Studios, na baada ya hapo watu kama Bamba Pana, Jay Mitta na DJ Travella wakaanza kuitwa kwenye matamasha ya Ulaya. Hapa nyumbani Msaga Sumu, Sholo Mwamba na Man Fongo walikuwa wameshajaza viwanja bila kuambiwa na mtu wa nje kwamba wanachofanya ni kipya.

Mtu angedhani Fundi ataipokea singeli kwa mikono miwili. Haisikilizi. Anasema ni kelele za kigodoro, haina mpangilio, wanaopiga hawajui muziki, maneno yenyewe ya ovyo. Mwalimu alimwacha amalize, kisha akamwomba arudie polepole, na aweke jina la Ramones pale alipoweka singeli.

Sijawahi kumwona Fundi akikosa neno kiasi kile. Na kwa kuwa mimi ni mchambuzi, si rafiki tu, inabidi niseme kilichofichuka. Kuna panki ya kukusanya na panki ya kufanya. Mtu wa Sabasaba anayekariri majina ya bendi za California za miaka ya 80, lakini anamdharau kijana wa Nkuhungu anayetengeneza biti za singeli kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, amechukua rekodi na kuiacha ruhusa. Hilo si la Fundi peke yake. Tunaopenda muziki wa mbali huwa tunausamehe ukorofi ambao hatuusamehe kwa jirani, kwa sababu ukorofi wa mbali hautuamshi saa nane usiku.

Upande wa Mwalimu nao una jibu, na si dogo. Anasema: kuanza ni rahisi, Fundi, hata darasani kwangu kila Januari wanaanza wote. Swali ni nani anafika. Na kufika, kwenye muziki, ni pop. Wasanii wakubwa wa Bongo Fleva wamekuwa wakiichukua singeli na kuiingiza kwenye nyimbo zao, wakapunguza kasi kidogo, wakaipa kiitikio, na ndivyo ilivyoingia kwenye harusi na mahafali. Kwa Mwalimu huo si wizi. Ni kazi ya ustadi, na anayeibeza hajawahi kukaa na wimbo mmoja wiki tatu akitafuta neno la kiitikio.

Hapa nampa haki yake yote. Pop nzuri ni ngumu kutengeneza, na ugumu wake umefichwa makusudi. Wimbo ambao mtu anauimba mara ya pili tu akiusikia, bila kujua lugha yake, umejengwa: pumzi zimehesabiwa, irabu ndefu imewekwa pale sauti inapopanda, ngoma imeondolewa sekunde moja kabla ya kiitikio ili mwili uisubiri. Chukua albamu ile ya Rodrigo ya 2023. Magitaa yake ni ya panki waziwazi, Fundi mwenyewe alikiri kwa kununa. Sehemu kubwa imetengenezwa na watu wawili, Rodrigo na mtayarishaji wake Dan Nigro. Kamati ya harusi iko wapi? Na pale majina yanapokuwa mengi, si kila mara ni kiwanda. Mwaka 2021 majina ya Hayley Williams na Josh Farro wa Paramore yaliongezwa kwenye wimbo mmoja wa Rodrigo kwa sababu ulifanana na wao wa zamani. Jina la ziada lilikuwa deni limelipwa. Wapenzi wa panki wanaomcheka kwa hilo wamesahau ni mikao mingapi ya gitaa imezunguka kati ya bendi zao bila mtu kutajwa.

Tena kuna kazi ambayo pop inafanya na panki haiwezi. “Nipigie panki moja ya kumwingiza bibi harusi ukumbini,” Mwalimu alisema. Fundi akajibu kuna mabibi harusi ambao wangependa kuingia wakikimbia. Tulicheka, lakini hoja ilibaki mezani. Kwenye sendofu za Dodoma, ambako Mgogo, Mrangi, Msukuma aliyehamia na mtumishi wa wizara aliyehamishwa kutoka Dar wanakaa meza moja, muziki lazima uwakute wote kwa dakika moja. Hilo linahitaji watu wanaojua wanachokifanya. Kuita kazi hiyo nyepesi kwa sababu inapendwa na wengi ni kujikweza tu.

Ila ustadi huo una mlinzi mlangoni, na ndipo ninaporudi kwa Fundi. Studio nzuri, video, kumlipa mpiga picha, kusafiri kwenda Dar kuonana na watu: kijana wa Kongwa au Chamwino anavihitaji vyote kabla hajasikika kama msanii wa pop. Treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kutoka Dar hadi Dodoma Julai 2024, imefupisha njia, lakini haijahamisha studio. Spotify, iliyofika Tanzania Februari 2021, inapokea wimbo wa yeyote, lakini tangu 2024 wimbo ambao haujafikisha usikilizaji 1,000 kwa mwaka haulipwi mrabaha. Mlango wa kuingia umepanuliwa na wa kutokea na fedha umebaki palepale. Kwa kijana huyo hadithi ya Buzzcocks ina faida kuliko siri zote za kiitikio, kwa sababu inamwambia aanze na alichonacho na awauzie wanaomjua.

Nimesikia pia watu wakisema utani wa namna hii hauwezi kuwa uchambuzi, ni porojo za kijiweni. Nusu nakubali. Neno kali linaua albamu kabla haijasikilizwa. Kwenye albamu ya Turnstile kuna filimbi, imepigwa na Shabaka Hutchings wa Uingereza, mwanamuziki wa jazi. Mwalimu alipoisikia tu akasema trafiki kaingia bendi, na tangu siku hiyo Fundi hajafanikiwa kumfikisha wimbo uliofuata. Albamu imehukumiwa kwa mzaha wa sekunde tano. Hata mimi kila nikiisikia filimbi ile namwona askari wa barabara ya Morogoro, na hilo ni dhuluma kwa Shabaka.

Nusu nyingine sikubali. Mashabiki wa kambi za Bongo Fleva, Diamond upande huu na Alikiba upande ule, hutukanana mitandaoni kwa namna ambayo hakuna anayeweza kurudi nyuma, kwa kuwa wote wanatazamwa. Utani wa watu wawili wanaoheshimiana unamruhusu mtu kuhama. Fundi ameacha kuutaja urefu. Mwalimu haiti tena panki kelele, anaiita mazoezi. Ni hatua.

Wiki hizi wamekwama kwenye albamu ya nyumbani. The Zawose Queens, yaani Pendo na Leah Zawose, walitoa *Maisha* mwaka 2024 kupitia Real World ya Uingereza, lebo iliyoanzishwa na Peter Gabriel. Pendo ni binti wa Hukwe Zawose, yule Mgogo wa Dodoma aliyezibeba ala za Kigogo, ilimba na zeze, hadi Bagamoyo kisha duniani, akafariki Desemba 2003. Leah ni mjukuu wake. Katika muziki wa familia ile wanawake walikuwa zaidi waitikiaji. Safari hii wao ndio wanaoongoza.

Fundi anaidai kuwa panki: watu walioambiwa waitikie wamechukua maikrofoni. Mwalimu anaidai kuwa pop: sauti zimesafishwa, midundo ya kompyuta imewekwa pale inapohitajika, na mtu wa London anacheza bila kujua Kigogo. Kwa kipimo nilichokitetea hapa ningepaswa kumpa Fundi. Sitampa. Zile sauti zinazopandana, kila moja na njia yake, hakuna anayezianza Jumatatu. Mtoto wa Kigogo anazisikia mgongoni kwa mama yake kwenye ngoma za muheme, ambazo wanawake huzipiga wakiwa wamezibana katikati ya mapaja, na anakuja kuziimba sawasawa akiwa mtu mzima. Mikao mitatu ya vidole haikufikishi hapo, na kiitikio cha prodyuza hakikufikishi pia. Ruhusa ya kuanza ni kipimo kizuri kwa muziki ambao mtu anauanzisha. Kwa muziki uliokuwepo kabla yake, nahitaji kingine, na sijakipata kwa hawa wawili.

Nilipomweleza hivyo, Fundi alisema Mwalimu amenihonga, na akataka kujua ni kwa bando la MB ngapi.